Uzito wa Tani

Katika jengo letu hakuna aliyempenda Shubiri, na kwenye foleni hiyo mimi nilikuwa wa mbele kabisa. Nayaandika haya kwa kuwa amehamia mbali kwa binti yake na hawezi kuninyooshea kidole kutoka roshani. Jina hilo hatukumpa kwa bahati mbaya. Mtu akionja shubiri hukunja uso. Mtu aliyekuwa anapishana na mama huyu kwenye ngazi alikunja uso kabla hajamfikia.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, akayaanika kwenye roshani ya juu, na maji yake yote yakadondokea mlangoni kwa kinyozi, yaani kwangu mimi. Mteja alitoka dukani amenyolewa safi, hajafika hata hatua tatu, tone la sabuni limemkuta utosini. Nilipopanda kulalamika aliniambia nimshukuru, maana vichwa vinavyotoka kwangu vinahitaji kuoshwa upya. Hakuwa na dogo. Muuza maziwa alimsema kwa kipimo, mwenye nyumba alimsema kwa nyufa, na mvua aliisema kwa kuchagua siku ya mashuka meupe.

Tuliyempenda ni mumewe. Alikuwa mpakizi kwenye ghala la nafaka, jitu la watu, akibeba magunia mawili pale wenzake walipohangaika na moja. Siku moja wapakizi walibishana juu ya uzito wake, wakamsimamisha kwenye mizani ya magunia, ikasoma kilo mia na thelathini. Tangu siku hiyo akawa Tani, na jina la kwao likasahaulika. Jioni akitoka kazini alikuja kukaa kwenye benchi langu, benchi likalia, tukacheza drafti kwa vizibo vya soda. Akicheka, kioo changu kilitikisika ukutani. Sijui alimpenda Shubiri kwa lipi. Nilipomuuliza alisema mtu anayebeba mizigo kutwa anahitaji mke asiyembebesha uongo.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, ghala likampa mkono wa kwaheri, na Shubiri akafunga mlango. Sisemi aliurudishia, aliufunga. Tulipanda kumjulia hali tukaambiwa amelala. Tulipanda kesho yake, bado amelala. Mimi nilikwenda na mashine yangu nimnyoe bure, kama rafiki, nikajibiwa pale pale kizingitini kwamba Tani siku hizi anafuga ndevu na mashine yangu nikanyolee kondoo. Nikashuka nimeiva kwa hasira. Niliamini anamfungia mwenzangu kwa roho mbaya tu, apate mtu wa kumsema asiyeweza kuondoka. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa maji yote ya sabuni.

Sasa nieleze habari ya kikosi. Mji wetu unajua dhoruba. Zinakuja na upepo wa kung'oa mabati na mvua ya kubomoa kuta, na baada ya moja kuondoka na paa zima la soko, watu wa mtaa wetu tuliamua kuunda kikosi cha kujitolea. Tahadhari kabla ya hatari, tukasema. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu anayependa kipaza sauti kuliko chakula. Tulivaa vizibao vya njano. Juu ya tangi la maji tukaweka mlingoti: bendera ya njano, funga mabati kwa kamba, panga magunia ya mchanga, jaza ndoo; bendera nyekundu, kila mtu avuke barabara aende shuleni, kwenye paa la zege. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tulifanya mazoezi.

Na kwenye mazoezi lazima awepo mgonjwa wa kubebwa. Mgonjwa wetu alikuwa shemeji yake mwenyekiti, mshonaji tuliyemwita Sindano kwa kazi yake na kwa umbo lake pia. Alikuja na mto wake, akajilaza kwenye machela, akafumba macho, na sisi tukambeba mbio mpaka shuleni. Wabebaji tulikuwa wanne: mimi, fundi bomba, na ndugu wawili wenye bekari. Tulifika hata hatuhemi, tukapongezana. Tulijiona mabingwa kwelikweli.

Shubiri aliingia kwenye mkutano wetu bila kualikwa, kikapu cha nguo begani. Aliuliza swali moja tu.

"Huyu Sindano hata feni inambeba," alisema. "Mume wangu ana kilo mia na thelathini na yuko juu, chini ya mabati. Upepo ukija, nani anamshusha?"

Mwenyekiti alisema hakuna atakayeachwa nyuma. Shubiri akamwambia maneno hayashushi mtu kwenye ngazi. Na alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi. Ngazi ya jengo letu ni nyembamba na katikati ina kona ambayo hata godoro hupita kwa kukunjwa. Vyumba vya juu vina mbao za zamani zilizoliwa na mchwa, na mabati yaliyotoboka misumari. Dhoruba kubwa ikipiga, paa lile litakwenda, na atakayekuwa chini yake atakwenda nalo. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema kwa kuwa hakuna aliyetaka kuambiwa abebe.

Sindano, kwa wema wake, akajitolea kupanda na futi yake ya kushonea akampime Tani, ili turubai la kumbebea lishonwe sawasawa.

"Mume wangu si suruali," Shubiri alisema.

Turubai akalishona Shubiri mwenyewe, la nguzo mbili na vishikio, na kwa haki ya Mungu lilikuwa kazi nzuri. Kuhusu Tani mwenyewe kushushwa mazoezini, alikataa katakata. Akasema tutafute mchanga. Tukajaza magunia, yeye amesimama kwenye mizani kama askari wa forodha, na kila tulipoonyesha dalili ya kupunja aliongeza koleo moja kwa mkono wake. Kilo mia na thelathini, alisema, isipungue hata moja. Magunia yakashonwa pamoja yakawa na kichwa na kiwiliwili, na mdogo wa wale wa bekari akachukua mkaa akachora macho na mdomo. "Karibu Tani," akasema. Tukacheka, na jina likaganda.

Hapo ndipo yalipoanza mateso. Kila mwezi tulimpandisha Tani wa mchanga mpaka mlangoni kwa Shubiri, tukageuka, tukamshusha. Tulikwama kwenye kona. Tulibanwa vidole. Mgongo wangu, ambao kazi yake ni kuinamia vichwa, ulianza kunilaza kwa tumbo. Na juu yetu, kwenye ngazi ya mwisho, alisimama yule mama na kizibao cha njano, maana alishajiandikisha kikosini, akituporomoshea maneno. Tani kakwama, vuta miguu. Tani anavuja, nani kamtoboa. Mbona mnambeba Tani kama mnamwiba. Na sisi tulimjibu, kwa sauti ya watu walioelemewa: Tani anatuua, Tani mtupe huko, Tani huyu hafai hata kujengea. Mlango wa chumba chao ulikuwa nyuma ya mgongo wake, umefungwa. Siku moja nilisikia mtu akikohoa ndani. Tukashusha sauti kwa muda, kisha tukasahau.

Fundi bomba ndiye aliyevuka mpaka. Alikuwa ametoka kubanwa mkono ukutani, na damu inamtoka, akasema heri dhoruba ije imchukue Tani mwenyewe tupumzike. Alilisema pale juu, mbele ya mlango. Shubiri akamzaba kofi ambalo mteja wangu mmoja alilisikia kule chini, akaniuliza nani kapasua ubao.

Kikaitishwa kikao. Fundi bomba alitaka Shubiri afukuzwe kikosini, na wengi tuliunga mkono, mimi nikiwa wa kwanza kuinua mkono. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa kipaza sauti ingawa tulikuwa tumekaa mezani. Shubiri akasikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, amefukuzwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuwa kwenye ngazi kama kawaida, na asiyetaka kumwona afumbe macho akibeba. Jumamosi ikafika, naye yupo. Sijui utamfukuza vipi mtu anayeishi mwisho wa ngazi.

Dhoruba ilikuja mchana. Asubuhi bendera ilikuwa ya njano, na tulikimbia na kamba na magunia mitaani tukijiona wa maana. Kabla sahani za chakula cha mchana hazijaoshwa ikapandishwa nyekundu. Mbingu iligeuka rangi ya sufuria kuukuu. Tuliwavusha wazee wa nyumba za nyuma, tukamvusha mama mja mzito wa chumba cha uani, na mvua ilipoanza kupiga kwa ubavu tukapanda kwa Tani.

Mlango ulikuwa wazi. Tangu kiharusi kilipompata, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuvuka. Chumba kilikuwa safi mpaka kikanitia aibu. Pasi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, mashuka ya wageni yamekunjwa yakalingana kama daftari, na karibu na dirisha kitanda cha chuma. Tani alilala hapo, amefunikwa blanketi juu ya blanketi mpaka kidevuni, na ndevu zimemjaa uso mzima. Mkono wake mzima ulikuwa nje. Bado ulikuwa mpana kama koleo, na ulikuwa umeshika chuma cha kitanda.

Shubiri alitandika turubai sakafuni. Nikasema, "Rafiki yangu, twende." Tani akanitazama. Maneno yake tangu augue yalikuwa yakitoka kwa kuburuta, lakini haya aliyasema taratibu na tuliyasikia yote.

"Tani mmeshamwokoa," alisema. "Kila mwezi mmemwokoa. Nendeni makwenu."

Fundi bomba aliangalia viatu vyake. Nilikumbuka kile kikohozi, nikahesabu maneno yote tuliyoyamwaga pale mlangoni, na nikaona uso unaniwaka. Mdogo wa bekari akanyoosha mkono kuubandua ule wa Tani kwenye chuma, Tani akamwambia akimgusa atamng'ata. Mwenyekiti, maji yakimtiririka kwenye kipaza sauti, akatukumbusha sheria ya kikosi: anayekataa halazimishwi, timu inakwenda kwa wengine. Na wengine walikuwepo. Juu yetu bati moja lilishaanza kupiga makofi.

"Achia chuma," Shubiri alimwambia mumewe.

"Sikiachii."

"Umekuwa mtoto?"

"Nimekuwa gunia. Waulize hao."

Nilitarajia tusi. Badala yake Shubiri alivua kizibao, akamrushia mwenyekiti kifuani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunga mikono.

"Nendeni," alituambia. "Mimi nipo na mume wangu."

Tani akamwambia na yeye aende. Akasema haendi. Tani akamwambia atakufa pale. Shubiri akamjibu kwamba atakufa pale, na mji mzima utasema kauawa na ukaidi wa mumewe, na mumewe hatakuwepo kujitetea. Waligombana hivyo, watu wazima wawili, kwa maneno ya kukata, huku mbao za dari zikilia. Sisi tumesimama na turubai letu kama wageni waliofika siku mbaya. Nilitaka kukimbia. Nalisema wazi, nilitaka sana kukimbia, na nadhani sote tulingoja mmoja wetu aanze.

Kisha bati la juu ya dirisha likang'oka. Likaenda na misumari yake, mwanga na mvua vikaingia pamoja, na maji yakampiga Shubiri mgongoni. Hakusogea. Lakini nilimwona anatetemeka, meno yanagongana, mama yule ambaye sijawahi kumwona akiogopa hata mwenye nyumba. Tani naye alimwona. Alimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

"Huyu mama hana akili," alituambia. "Mtoeni."

"Hatoki bila wewe," nikasema. "Unamjua kuliko sisi."

Tani akafumba macho. Vidole vyake vikaachia chuma, kimoja baada ya kingine, na shida ile aliyokuwa nayo kuviachia haikuwa ya ugonjwa.

"Basi nibebeni," alisema, "atoke."

Tukamviringisha na mablanketi yake tukamweka juu ya turubai. Tukachuchumaa kama tulivyozoea, mimi mbele kushoto, fundi bomba mbele kulia, wale ndugu nyuma. Tukavuta pumzi. Tukahesabu. Tukainua kwa nguvu zote tulizojifunza kwa kilo mia na thelathini.

Nusura tumrushe darini. Turubai liliruka mpaka vifuani mwetu, kaka mkubwa wa bekari akayumba nyuma akagonga ukuta. Hapakuwa na kitu. Chini ya mablanketi yale palikuwa na mifupa ya mtu mrefu, na ndevu, na mkono mmoja mpana. Sindano labda angemzidi, kama si kwa mengi, kwa machache.

Tulitazamana, na nadhani tuliyaelewa yote kwa mara moja. Mlango uliofungwa. Ndevu nilizokatazwa kuzinyoa. Futi ya Sindano iliyorudishwa. Shubiri alimgeuza mtu huyu asubuhi na jioni, akamwosha, akamwinua kumbadilishia shuka. Hakuna mizani iliyojua uzito wake kuliko mikono ile. Na bado alisimama mbele ya kikao akasema kilo mia na thelathini, isipungue hata moja. Na Tani alilala nyuma ya mlango mwezi baada ya mwezi, akisikia wanaume wanne wakigumia chini ya jina lake, akijua siku watakapomwinua yeye watajua. Kumbe hiyo ndiyo sababu mkono ulikuwa kwenye chuma.

Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. Alikuwa anangoja tuseme. Mdogo wa bekari alishafumbua mdomo, na Shubiri, nywele zimelowa zimemganda usoni, alitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kutazamwa vile na mtu anayenichukia.

Aliyesema ni fundi bomba, yule yule wa kofi. Alikunja magoti, akashusha bega kama limevunjika, akagumia.

"Mzito huyu," alisema. "Shikeni vizuri."

"Taratibu," nikadaka, "atatuvunja migongo."

Tukatoka chumbani tukiburuta miguu. Juu yetu mabati yalikuwa yanakwenda moja moja, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeshuka na mzigo ule mbio, hata peke yake, begani. Sisi tulishuka kama tulivyoshuka na mchanga, hatua, pumzi, hatua. Kwenye kona tukasimama. Tungeweza kupita bila kugusa ukuta, lakini tukakwama, tukasukumana, tukalaumiana nani kavuta kabla ya wakati. Mwenyekiti, ambaye alishatangulia kushuka kabla hatujamwinua na hakuona chochote, alipaza sauti kutoka chini akituuliza kwa nini tunachelewa. Nyuma yetu Shubiri akaanza kutupigia kelele kwamba tunambeba mume wake kama tunamwiba.

Hapo kwenye kona Tani alifumbua macho.

"Mkichoka niwekeni chini," alisema.

"Tukikuweka hatukuinui tena," fundi bomba alimjibu, anahema.

Paa liliondoka tukiwa getini kwa shule. Tulisikia mlio, tukageuka, tukaliona linavuka barabara ya pili likiwa zima. Kitanda cha chuma tulikikuta kesho yake kimepindwa chini ya boriti.

Darasani watu walilala sakafuni, watoto wanalia, mwenyekiti anahesabu majina. Nilikuwa nimekaa ukutani nikijikamua shati, nikamwona Shubiri anakuja moja kwa moja kwangu. Nikajiambia leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mama huyu atamshukuru mtu. Aliinama mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio langu.

"Ukifungua mdomo kwa yeyote," alisema, "nitakukata masikio yote mawili kwa mkasi wako mwenyewe."

Niliitunza siri hiyo mpaka Tani alipozikwa, tena siku hiyo tulilibeba jeneza lake kwa shida kubwa. Lakini jioni ile ya dhoruba nilimtazama yule mama, namchukia vile vile, nikapeleka mkono kiunoni.

"Nifungue mdomo niseme nini?" nikamuuliza. "Mgongo wenyewe haunyooki."